Mota Haiungui Ikiwa Baridi

Mota haiungui ikiwa baridi. Maneno hayo nilimwambia kaka yangu mbele ya wateja, mota yenyewe imelala kaunta ikiwa imefunguliwa, nyaya zake za shaba nyeusi tititi, na harufu ya rangi iliyoungua imejaa duka zima. Yeye akashikilia lake. Alisema ameipima mwenyewe kwa mkono kila gari lilipotoka uwanjani, na kila mara aliikuta vuguvugu. Sasa, kaka yangu si mwongo. Unaweza kumwita mbishi, unaweza kumwita mwenye majivuno na mla vitafunio vya wenzake, lakini mwongo hapana. Kwa hiyo nikaamua kwamba mota ndiyo bandia, nikakaa chini nikamwandikia muuzaji wa Dar ujumbe mkali ambao marehemu mama angeuona angenipaka pilipili mdomoni. Uwezekano wa tatu hakuna hata mmoja wetu aliyeufikiria.

Duka letu liko Bagamoyo mjini. Tunauza balbu, swichi, nyaya, feni na makorokoro mengine ya umeme ambayo baba alituachia sisi wawili tuyauze na tugombane juu yake. Mimi ni mjane. Kaka ana mke na binti mmoja, na siku hizo binti alikuwa ameshaposwa, harusi imepangwa baada ya mfungo wa Ramadhani. Asili yetu ni Kachi, huko Bara Hindi, lakini tumekaa pwani hii vizazi na vizazi, na ndoa zetu tunazifunga kama wanavyozifunga watu wa hapa: baba wa binti hukaa mkekani uso kwa uso na bwana harusi, akamshika mkono wa kulia, akamwozesha kwa kinywa chake mwenyewe. Kaka alikuwa akilisubiri jambo hilo tangu binti anazaliwa. Alikuwa akijisomea maneno ya kuozesha huku anapanga balbu kwenye rafu, mpaka wateja wakawa wanaitika wakidhani wanasemeshwa.

Wakati alipokuwa hajisomei maneno ya kuozesha, alikuwa akizungumzia magari ya rimoti. Si yale ya plastiki yanayouzwa sikukuu na kuvunjika kabla ya sikukuu haijaisha. Haya ni magari yenye urefu wa mkono mpaka kiwiko, yana springi na tairi za meno, yanakimbia kuliko pikipiki na yakiruka tuta unaona tumbo lake. La kwanza alilinunua akisema ni zawadi ya binti. Binti alikuwa mtu mzima anayefundisha shule ya awali, wala hakuwahi kuligusa. Tulimcheka kaka mpaka tukachoka, halafu nami nikanasa, kwa sababu vipuri vyote nilikuwa naviagiza mimi kwa simu, na mtu hawezi kuagiza kitu kila wiki bila kutaka kujua kinafanya nini.

Uwanja wetu ulikuwa Kerege, kando ya barabara ya Dar, mahali ambapo mtu alisawazisha ardhi akataka kujenga kituo cha mafuta, kisha akaishiwa au akafa, hatujui. Alituachia kifusi kilichoshindiliwa vizuri, kigumu kama sakafu. Jumapili alasiri tulikutana hapo watu wachache. Mshindani mkubwa wa kaka alikuwa jirani yetu wa duka la vyombo, Banyani mnene mpole ambaye yeye na kaka wanaitana bhai, yaani ndugu, tangu wakiwa na kaptula, na ambao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa chai.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya mota, na ili ueleweke lazima niseme kidogo. Magari haya yanatumia mota zisizo na kaboni. Mota ya kawaida, kama ya blenda, ndani ina vipande vya kaboni vinavyosuguana na sehemu inayozunguka. Vinatoa cheche, vinalika, siku moja vinaisha na fundi anakubadilishia. Hizi zetu hazina cha kusuguana. Ndani kuna sumaku inayozunguka katikati ya nyaya, basi. Hazichakai haraka, na adui yao mkubwa ni joto. Likizidi, ile rangi inayokinga nyaya inaungua, na sumaku inapoteza nguvu, na nguvu hiyo ikishapotea huirudishi kwa dawa yoyote.

Kaka alipenda mota iliyo wazi, yenye matundu ubavuni na pangaboi dogo ndani linalosukuma upepo katikati ya nyaya. Alisema kitu chenye joto kipepee, kama unavyopepea mkaa na mtoto mwenye homa. Jirani alipenda iliyofungwa kabisa, haina hata tundu la sindano, imevishwa koti la alumini lenye mapezi ya kutolea joto. Alisema pwani hii upepo wenyewe una chumvi na Kerege yenyewe ni vumbi tupu, sasa bhai unaniambia nifungue mlango na kuvikaribisha vyote ndani? Kila mmoja alisema mota ya mwenzake haina ubora. Nikachoka kuwasikiliza, nikasema tuzilinganishe: gari moja, betri moja, gia zilezile, uwanja uleule, kila mota izungushwe mpaka betri ilegee, halafu tuone ipi imetoka na joto dogo.

Tatizo likawa kipimo. Nilichukua kile kibunduki cha kupimia paji la uso ambacho tulikinunua wakati wa korona, tukawa tunawaelekezea wateja mlangoni kama askari wa mpakani. Nikakielekeza kwenye mota ya kaka, kikalia na kuonyesha kwamba joto limepita uwezo wake. Nikakielekeza kwenye ya jirani, kikalia vilevile. Kimetengenezwa kwa ajili ya binadamu, mtu akifika huko ameshakufa. Basi tukarudi kwenye kipimo cha mafundi wote, kidole. Ukiweza kukiacha kidole juu ya mota, iko salama. Ukiweza kugusa tu na kutoa, punguza mbio. Ukishindwa kugusa, zima.

Na kidole kilichochaguliwa kikawa cha kaka, kwa kura ya wote, hata jirani. Walimwamini kwamba hatajipendelea. Halafu kulikuwa na sifa ya nyumba yetu. Mama yangu aligeuza chapati juu ya tawa kwa vidole vitupu maisha yake yote, na bibi kabla yake, na kwetu mwali aliyeomba kijiko cha kugeuzia alisemwa mpaka harusi yake. Watoto tulifundishwa kushika vya moto bila kukunja uso. Nami naweza, niulize. Mkono usioogopa moto kwetu ni heshima, na kaka, ingawa ni mwanamume na chapati alizijua kwa kuzila tu, alijivunia kwamba amerithi mkono huo. Alikuwa akitoa viazi vya kuchemsha sufuriani kwa mkono na kututazama kuona kama tumeona.

Kwa hiyo alipoweka vidole juu ya mota yake iliyo wazi na kutangaza vuguvugu, tuliamini. Jirani alikunja uso lakini akakubali. Jumapili iliyofuata kaka akaweka gia kubwa zaidi, kwa kuwa mota ina nafasi, alisema, haijatoka hata jasho. Ikatoka vuguvugu. Akaongeza tena. Gari likawa linapita kama limefukuzwa, na wote tukawa tunamwonea wivu, mpaka siku lilipokata sauti katikati ya uwanja, likatoa uzi wa moshi na kusimama. Hiyo ndiyo mota niliyoifungua dukani, nikamtukania muuzaji.

Muuzaji alijibu kwa adabu kuliko nilivyostahili. Alisema mota ile imeungua kwa joto la muda mrefu, si la siku moja, na akauliza kama tulikuwa tukiipima. Nikamwonyesha kaka. Akasema huyo anatetea mali yake.

Wiki iliyofuata jirani alikuja Kerege na mota yake iliyofungwa ndani ya gari, akitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Aliizungusha muda mrefu kwa makusudi, jua la Februari linatuchoma sote pamoja na gari. Liliporudi, akaliweka juu ya boneti ya gari lake na kumwomba kaka atoe hukumu. Kaka akalaza vidole vinne juu ya koti la alumini na kuendelea na hadithi aliyokuwa akimweleza mtu mwingine, habari ya fundi aliyemfungia tangi la maji kichwa chini. Alipofika mwisho wa hadithi akakumbuka kazi aliyopewa, akasema, "Baridi. Bhai, nakupa haki yako. Baridi kabisa."

Jirani alifurahi hata akataka kuuonja ushindi kwa mkono wake. Akaweka kidole pembeni ya vidole vya kaka. Aliruka nyuma na kupiga yowe, akatia kidole mdomoni, akaruka tena. Tulicheka sote. Kaka alicheka kuliko wote, vidole vyake bado viko palepale juu ya alumini, na mimi nikamwambia jirani asishindane na watu waliolelewa na tawa.

Halafu nikasikia harufu. Unaijua kama umewahi kuwa jirani na mtu anayebabua kichwa cha mbuzi. Sikuielewa mara moja, nilitazama kama kuna mtu anachoma kitu nyuma ya ukuta. Kisha nikautazama mkono wa kaka, nikaushika kifundo na kuunyanyua, na ngozi kidogo ikabaki kwenye mapezi ya alumini.

Aliangalia vidole vyake kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtu asiyemjua. "Haiumi," alisema. "Wallahi haiumi hata kidogo." Na alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu alidhani tunamhusudu. Jirani ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Alikitoa kidole chake mdomoni, akakitazama, akautazama mkono wa kaka, na akaanza kukusanya vitu vyetu.

Nyumbani nilimkunja kaka mkono wa kanzu ili nimwoshe, nikaona baka. Lilikuwa juu kidogo ya kiwiko kwa nyuma, limepauka, pana kama kiganja, halina unyoya hata mmoja. Mke wake alisema kaka amemwambia ni jua, na amekuwa akilipaka dawa ya mba kwa miezi. Nilichomoa pini kwenye mtandio wangu, nikamwambia kaka atazame ukutani. Nikachoma. Akaniuliza nasubiri nini.

Nilikua Bagamoyo. Mtu wa umri wangu aliyekulia hapa amesikia wazee wakishusha sauti wanapolitaja gonjwa hilo, na amekatazwa kupita baadhi ya nyumba. Nililijua neno, na kaka alilijua, na wifi alilijua, na sote watatu tukakaa tukilitazama lile baka bila mtu kulisema. Hasira ilinipanda mpaka machoni. Nilimkasirikia kaka kwa kunyamaza na nilimkasirikia mama kwa chapati zake, Mungu anisamehe, mtu aliyekwisha oza kaburini.

Kaka ndiye aliyetangulia kusema. Aliniomba, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu, nisifanye lolote kabla ya harusi. Alisema wakwe wakisikia, posa inarudi, na binti atakaa ndani maisha yake yote akijulikana kwa jina la maradhi ya baba yake. Alisema miezi michache haiwezi kuwa kitu. "Mdogo wangu, mwache aolewe kwanza," alisema. "Halafu mnikate mkono wote mkitaka."

"Mkono huo ndio utakaomwozesha," nikamwambia. "Unataka umpe bwana harusi kitu gani, kigutu?"

Wifi alianza kulia. Mimi sikulia, nilikwenda kutafuta viatu vya kaka na kuviweka mbele ya mlango tayari kwa asubuhi. Aliniita majina mengi siku ile. Asubuhi alivivaa.

Daktari alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mwanangu. Alimwamkia kaka shikamoo vizuri, akamfumbisha macho na kumpitishia pamba mkononi, taratibu, kidole baada ya kidole, akamwambia aseme kila anapoguswa. Kaka alikaa kimya kama mwanafunzi asiyejua jibu. Mara moja moja alisema "hapo" mahali ambapo hakuguswa, na daktari hakumsahihisha. Kisha akampapasa nyuma ya kiwiko, akaipata mishipa ya fahamu imevimba kama kamba chini ya ngozi, akanishika mkono wangu na kuuweka pale nami niisikie.

Akatueleza. Ukoma unatibika na dawa hazilipiwi. Akianza kuzimeza, baada ya muda mfupi tu hawezi kumwambukiza mtu. Watu wa nyumbani nao waje wakaguliwe. Nilisikia hayo yote na moyo ukaanza kushuka mahali pake, nikauliza basi hisia za vidole zitarudi lini. Alisema dawa inaua vijidudu, lakini haijengi upya mshipa uliokwisha kufa, na kwamba kama tungekuja baka lilipotokea, angekuwa na maneno mengine ya kutuambia. "Mzee, kuanzia leo utatumia macho badala ya vidole," alimwambia kaka. "Kila jioni ikague mikono yako. Usiiamini ikikwambia ni salama."

Kaka alimshukuru, akamwombea dua. Njia nzima ya kurudi nilimshukuru Mungu kwa dereva wa bajaji aliyekuwa akibishana na simu yake.

Nilinunua kipimo cha joto cha kweli, kile cha mafundi, kinachosoma joto la chuma. Nilikinunua kwa hasira, kama mtu anunuaye kufuli baada ya kuibiwa. Tulirudi Kerege nacho, kwa sababu daktari alisema asikae ndani akijifikiria, na kwa sababu kidole cha kuvutia mbio kwenye rimoti kilikuwa bado kinafanya kazi. Nilinunua mota nyingine iliyo wazi, ya jina lilelile, na tukailinganisha na iliyofungwa kama inavyotakiwa. Ukweli ukawa wazi kwa muda mfupi. Ile iliyo wazi ilitangulia kupoa kila iliposimama, kaka hakukosea hapo, lakini kwa gia alizoziweka ilipita mpaka wa usalama kila mara. Jumapili zile zote alizotangaza vuguvugu, ilikuwa ikiungua mkononi mwake. Na baada ya wiki kadhaa tulipoifungua, beringi zake zilikuwa na kutu ya chumvi na matundu yamejaa vumbi jekundu. Iliyofungwa ilikuwa na joto zaidi kwa nje, kwa sababu koti ndilo linalolitoa, na ndani ilikuwa safi. Kwa pwani hii jirani ndiye aliyekuwa na haki. Alifunga skrubu zake, akatumiminia chai, akanywa katika kikombe alichokinywea kaka.

Watu wengine hawakuwa jirani. Vidonge vile vina tabia moja, vinaibadilisha rangi ya ngozi. Kaka ni mweupe, na katika miezi ile uso wake ukageuka, kwanza mwekundu wa matofali, kisha mweusi wa mabakamabaka, na hakuna kanzu inayofunika uso. Mteja alikuwa akiweka pesa kaunta badala ya kumpa mkononi. Mwanamke mmoja tuliyesoma naye madrasa aliniuliza kwa huruma kama bado tunakula pamoja. Nilimjibu kwamba tunakula pamoja na kwamba kaka anakula sana, na hilo ndilo tatizo lake la pekee. Vidole viwili vya mwisho vikaanza kujikunja. Wifi alimloweka mkono kila jioni katika beseni la maji na kumpaka mafuta ya nazi, akiunyoosha kidole kimoja kimoja, na kaka akitazama pembeni.

Wakwe hawakuirudisha posa. Nataka niseme hivyo kwa haki yao. Walikuwa watu wema na waliendelea kuwa wema mpaka mwisho. Baada ya sikukuu ya mfungo walimtuma mjomba wa bwana harusi kutoka Zinga, mzee wa adabu, akaja na kuuliza hali zetu mmoja mmoja, na hali ya duka, na ya mvua. Alikunywa chai. Alipoona kikombe kimekwisha alisema kuna jambo dogo. Mzee mwenzake hayuko katika afya yake, na siku ya ndoa ina uchovu mwingi. Je, haitakuwa raha kama angempa shehe uwakala amwozeshee? Sheria inaruhusu, watu wanafanya kila siku.

Niliingilia kati, jambo ambalo si desturi. Nilimwambia mjomba kwamba kaka anameza dawa kwa miezi sasa, kwamba daktari amesema hawezi kumwambukiza hata nzi, na kama anataka nitamletea daktari mwenyewe hapa akae kwenye kiti hiki.

"Tunajua, mwanangu," alisema, na naamini walijua. "Ni kwa ajili ya watu."

Kaka alikubali kabla sijajibu. Alisema ni fikra nzuri, alikuwa ameshaifikiria yeye mwenyewe, magoti yanamsumbua akikaa sana mkekani. Akacheka na mzee wa watu na kumtania kwamba uzee umewafikia pamoja. Alimsindikiza mpaka nje. Aliporudi alipitia dukani, nikamsikia akipanga balbu, na safari hii hakuwa akisoma kitu.

Siku ya ndoa sisi wanawake tulikuwa ndani na spika ilikuwa imefungwa dirishani ili tusikie. Wifi alikaa karibu na binti, mimi nikasimama. Tulisikia khutuba. Halafu tukasikia sauti ya shehe, kavu na ya haraka kama ya mtu mwenye ndoa nyingine ya kwenda kufunga, ikimwambia kijana maneno ambayo kaka aliyajua kwa moyo. Kijana akajibu nimekubali. Vigelegele vikapigwa, nami nikapiga, kwa sababu binti alikuwa akinitazama mdomo wangu.

Jirani, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa barazani na kofia ya kuazima, aliniambia baadaye kwamba kaka alikaa pembeni ya shehe muda wote, mgongo umenyooka, na alikuwa akichezesha midomo pamoja naye, neno kwa neno. Nilimwomba asinihadithie tena.

Alasiri gari la kumchukua binti lilisimama mbele ya duka. Kaka alikuwa ameinama kwenye dirisha la dereva, anampa maagizo ya barabara, aende polepole akifika Zinga, kuna mashimo ambayo yamezibwa kwa udongo na mvua imeufukua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya paa la gari. Wa kulia ulikuwa unaning'inia nyuma yake.

Binti alitoka ndani akiwa amefunikwa buibui juu ya nguo za harusi. Hakutaka kumkatiza baba yake. Alikuja kwa nyuma, akainama, akauchukua ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, vile vidole vilivyokunjika na vile vya makovu, akaubusu. Akauweka kwenye paji la uso wake, kisha akaubusu tena, na akabaki hivyo ameinama, akisubiri radhi. Kaka aliendelea kumweleza dereva habari ya mashimo.

Tulikuwa tumesimama watu wengi pale na hakuna aliyesogea. Nikaenda, nikamgusa begani, mahali ambapo anasikia.

"Kaka," nikamwambia, "mwanao anakuaga."

Akageuka. Akautazama kwanza mkono wake, kuona ni nani aliyeushika.